Tunu tunazozitaja na saa tunazozitoa: tujadili namna ya kuwekeza muda na umakini katika yale tunayoyathamini

Mleta mada

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo husemwa mara nyingi kwa wepesi kuliko linavyostahili, nalo ni uhusiano kati ya tunu ambazo mtu anasema anazishika na namna anavyoutumia muda wake na umakini wake. Mwulize karibu mtu yeyote ni kipi anachokithamini maishani, naye atakujibu bila kusita kwamba ni familia, imani, afya, elimu, uaminifu, kazi njema na kuwasaidia wenye shida. Simdhanii yeyote kuwa anasema uongo. Ninachokiona ni kwamba majibu hayo yanafanana mno, ilhali maisha ya wanaoyatoa hayafanani hata kidogo, na pengo hilo linatosha kutuonyesha kwamba orodha ya tunu, hata iwe ya kweli kiasi gani, bado haijatuambia mtu huyo ni nani.

Waliolichunguza jambo hili kitaalamu walikutana na tatizo hilohilo. Milton Rokeach, mwanasaikolojia aliyefanya kazi zake Marekani na ambaye kazi yake kuu kuhusu tunu ilitoka mwaka 1973, alikusanya tunu 36: 18 zinazohusu hatima ambayo mtu anaitamani, kama vile uhuru, hekima na usalama wa familia, na 18 zinazohusu mwenendo, kama vile uaminifu, ujasiri na moyo wa kusamehe. Hakuwataka watu waseme tu kama wanazipenda, maana ni nani angezikataa? Aliwataka wazipange katika kila kundi, kuanzia ya kwanza hadi ya 18. Ugumu wote huanzia hapo. Kusema kwamba uhuru ni mwema na kwamba usalama wa familia ni mwema hakumgharimu mtu chochote, lakini kusema ni upi utakaotangulia siku viwili hivyo vitakapogongana ndiko kunakomfunua.

Baadaye Shalom Schwartz wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem aliipeleka kazi hiyo mbele zaidi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1992, uliokusanya majibu kutoka nchi 20, alizigawa tunu za msingi katika makundi 10 na kuonyesha kwamba yanaweza kupangwa katika duara, ambamo tunu zilizo jirani husaidiana na zile zinazotazamana huvutana. Anayependa kujiamulia mambo yake na kuonja mapya atagongana mara kwa mara na haja yake mwenyewe ya usalama, ya kuheshimu desturi na ya kutowaudhi walio karibu naye. Anayetafuta mafanikio na mamlaka atakuta saa zilezile zinadaiwa na wema kwa watu wake na kujali haki za watu asiowafahamu. Mimi hupata faraja katika mchoro huo, kwa sababu unaonyesha kwamba kuvutwa huku na huku si dalili ya unafiki wala ya udhaifu wa nia. Ndivyo tunu zilivyo, na mtu asiyeona mvutano wowote kati ya zake huenda bado hajaanza kuziishi.

Hoja yangu kuu, basi, ni hii: tunu huwa ya mtu kweli pale inapokuwa imeshamnyima kitu kingine chema. Sisemi kumzuia asitende ubaya, maana hilo ni suala jingine na halihitaji tafakari ndefu. Nazungumzia kumnyima jambo jema ambalo angelifurahia na ambalo hakuna ambaye angemlaumu kwa kulifanya: cheo ambacho kingemweka mbali na watoto wake, sifa ambayo ingepatikana kwa kukaa kimya pale ukweli ulipohitaji kusemwa, jioni za maongezi mazuri ambazo alizitoa ili ajifunze ufundi aliouchagua. Tunu ambayo haijawahi kumnyima mwenyewe chochote bado ni matamanio. Matamanio nayo yana heshima yake, lakini tusiyachanganye na kile tunachokiishi.

Sasa, tunapotaja kuwekeza, wengi wetu huanza kuhesabu saa, na kuhesabu si kubaya. Juma lina saa 168. Anayelala saa 8 kila usiku anabakiwa na 112, na akitoa saa 40 za kazi na 10 za kwenda na kurudi, anabakiwa na 62 kabla hajapika, hajafua, hajauguza wala kupumzika. Hesabu hiyo huwashtua watu wa aina mbili, yule aliyedhani hana muda kabisa na yule aliyedhani anao tele. Hata hivyo, naamini kuhesabu saa hakufiki kwenye kiini cha jambo. William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba uzoefu wa mtu ni yale ambayo yeye mwenyewe anakubali kuyazingatia, na tukiipokea kauli hiyo kwa uzito wake, watu wawili wanaweza kukaa chumba kimoja kwa saa nzima wakawa hawakuishi saa moja. Mzazi aliyeketi karibu na mtoto huku macho yake yakiwa kwenye simu ametoa muda, na katika daftari lolote la hesabu muda huo utaandikwa chini ya neno familia, lakini mtoto mwenyewe anajua vizuri kwamba hakupewa kitu.

Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliliweka jambo hili kwa namna ambayo sijaweza kuisahau. Katika barua ya mwaka 1942 alisema kwamba kumzingatia mtu ni ukarimu wa nadra na ulio safi kuliko wote. Muda unaweza kutolewa kwa shuruti, kwa mazoea au kwa kukosa pa kwenda, lakini umakini hautoki mpaka mwenyewe aridhie. Ndiyo maana mahali umakini unapokwenda wenyewe, bila kusukumwa, hutwambia habari za tunu zetu ambazo ratiba haiwezi kutwambia.

Umakini huo, kwa bahati mbaya, una wadai wengi. Mwaka 1971, miaka mingi kabla ya simu hizi tulizonazo mikononi, Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani, alieleza kwamba taarifa hula umakini wa wanaozipokea, na kwa hiyo wingi wa taarifa huzaa ufukara wa umakini. Kuna pia jambo lililochunguzwa na Sophie Leroy katika utafiti uliotoka mwaka 2009, nalo ni kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki nyuma kwenye ile ya kwanza, hasa ikiwa aliiacha haijakamilika. Hilo linaeleza kwa nini mtu anaweza kurudi nyumbani mapema kwa ajili ya familia yake na bado asifike, na kwa nini kuzima simu pekee hakutoshi. Kinachohitajika ni kuifunga kazi kabla ya kuondoka, angalau kwa kuandika imefikia wapi na itaanzia wapi kesho, ili akili ipate ruhusa ya kuiachia.

Kabla sijawaachia nafasi, niongeze utafiti mmoja ambao kwa maoni yangu kila mwenye kujali tunu zake anapaswa kuufahamu. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton. Kila mmoja aliombwa aende jengo jingine akatoe hotuba fupi. Baadhi yao walipewa kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama njiani kumsaidia mtu aliyejeruhiwa, wengine mada ya kawaida kuhusu ajira. Njiani alikuwepo mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuguna kama mgonjwa. Kati ya wale walioambiwa kwamba wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya wale walioharakishwa kidogo, asilimia 45. Kati ya wale walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, asilimia 10. Kwamba mtu alikuwa na hotuba ya Msamaria Mwema kichwani mwake hakukuleta tofauti ya kuaminika. Utafiti huo ulikuwa mdogo na sitaubebesha mzigo usiouweza, lakini swali linalotokana nao ni zito. Hao walikuwa vijana walioamua kuyatoa maisha yao kwa ajili ya huruma. Walichonyimwa hakikuwa tunu, ila nafasi ndani ya dakika zao ya kuiruhusu tunu hiyo ifanye kazi. Kwangu mimi, kuwekeza muda katika tunu kunaanza na kuondoa haraka isiyo ya lazima, na kuweka shughuli mpya kwenye ratiba kunafuata baadaye.

Ninawakaribisha. Ningependa hasa kuwasikia wale wanaoona kwamba hoja yangu haiwagusi au inawaonea.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa andiko lako, nami ni mmoja wa hao uliowaomba waseme. Ninamuuguza mama yangu ambaye hainuki kitandani, na kazi yangu ya kipato ni ya zamu za usiku. Saa 62 ulizozitaja mimi sizijui. Ukichukua juma langu ukalisoma kama unavyosoma daftari la hesabu, utasema kwamba ninathamini kufua mashuka, kupanga dawa na kusinzia. Elimu, ambayo naipenda tangu utoto wangu, hutaiona popote. Urafiki hutauona. Je, nikubali kwamba hayo kwangu ni matamanio tu kwa kuwa sina saa za kuyapa? Ninaogopa kwamba mazungumzo ya namna hii huwapendeza walio na nafasi ya kuchagua, na huwaongezea lawama wale ambao ratiba zao zimepangwa na ugonjwa, na uhitaji, na watu wengine.

Naomba pia niseme jambo kuhusu neno kunyima ulilolitumia. Kumuuguza mama kumeninyima mengi mema, na kwa kipimo chako basi ni tunu yangu kweli. Lakini zipo siku ambazo nafanya yote hayo kwa uchovu na hasira, bila upendo wowote ninaoweza kuuhisi. Kipimo chako kinasema nini juu ya siku hizo?

Mleta mada

Dada yangu, pole sana kwa mzigo ulionao, na nakushukuru kwa kuliweka jambo hili wazi namna hii.

Kuhusu saa, naomba niliweke sawa lile ninaloliamini. Saa humfunua mtu pale tu alipokuwa na uwezo wa kuzielekeza kwingine. Mahali ambapo hakuna uchaguzi, ratiba inasimulia hali ya mtu, haisimulii tunu zake, na anayemhukumu kwayo amekosa haki. Elimu unayoipenda na huna nafasi nayo siiweki katika fungu la matamanio, kwa sababu umenyimwa na hali. Fungu hilo ni la yule aliyekuwa na nafasi akaitoa kwa kitu kingine kila mara. Kwa mtu aliye katika hali yako, tafakari ya tunu isianze na swali la kwamba yeye abadilike vipi. Ianze na swali la kwamba ni nani mwingine anapaswa kushika zamu. Kama mama ana watoto wengine, ndugu au majirani wanaosema kwamba wanaithamini familia, hoja yangu ya kunyimwa inawahusu wao kabla haijakuhusu wewe, na saa 2 ambazo mmoja wao angezitoa kila juma zingekuwa na maana kubwa kuliko maneno yote tuliyoandika hapa.

Kuhusu siku za hasira, sioni kwamba tunu ni hisia. Upendo usiohisika siku ya uchovu, lakini ambao shuka limebadilishwa kwa ajili yake na dawa imetolewa kwa wakati wake, haujatoweka. Pengine siku hizo ndizo zinazoonyesha wazi zaidi kwamba hukuwa unafuata furaha yako tu. Ila nisingependa mtu yeyote alichukue neno langu hili akalitumia kumnyamazisha anayeuguza. Uchovu wako ni wa kweli, na unahitaji kupumzishwa zaidi ya kusifiwa.

Mchangiaji wa pili

Heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, na ningependa tuurudie mwanzo wa mada, yaani namna mtu anavyozitambua tunu zake. Mwaka 2006 Geoffrey Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika shule moja ya Marekani, ambapo wanafunzi walipewa zoezi fupi la darasani la kuchagua tunu wanayoiona muhimu na kuandika kwa nini ni muhimu kwao. Kwa wanafunzi weusi, ambao walikuwa wakikabiliwa na dhana potofu kuhusu uwezo wao, zoezi hilo lilifuatiwa na alama bora zaidi mwishoni mwa muhula. Majaribio yaliyofanywa baadaye katika shule nyingine yametoa matokeo mchanganyiko, kwa hiyo sidai kwamba kuna dawa hapo. Hata hivyo, katika kufundisha kwangu nimeona kwamba kijana akiulizwa ni tunu ipi anaishika hutoa jibu alilolisikia kwa wakubwa, lakini akiulizwa ni lini jambo hilo lilikuwa muhimu kwake, na nini kilitokea siku hiyo, huanza kuandika kwa sauti yake mwenyewe.

Swali langu linatokana na hapo. Sehemu kubwa ya tunu zetu tumezipokea kutoka kwa wazazi, walimu, viongozi wa dini na sasa mitandao ya kijamii. Mtu atajuaje kwamba anachokiwekezea maisha yake ni chake, wala si cha waliomlea au cha wale anaotaka wamwone vizuri?

Mleta mada

Mwalimu, swali lako limenifanya niache kazi nyingine kwa muda. Kwanza niseme kwamba kupokea si kosa. Tunu iliyorithiwa inaweza kuwa ya mtu kikamilifu, na iliyochaguliwa kwa uhuru wote inaweza kuwa ya kuazima, kwa kuwa mtu anaweza kuichagua ili afanane na wengine waliochagua. Asili ya tunu haitoi jibu.

Mwanafalsafa Harry Frankfurt, katika makala yake ya mwaka 1971, alitofautisha kati ya kutaka kitu na kutaka kwamba utake kitu hicho. Ninaweza kutaka kuendelea kutazama simu usiku huu, na wakati huohuo nisitake kuwa mtu anayetaka hivyo. Kwa maoni yangu, tunu zinakaa katika ngazi hiyo ya pili, na ndiyo maana huwezi kuzijua kwa kutazama mienendo pekee wala kwa kusikiliza kauli pekee. Inabidi mtu ajiulize, akiwa peke yake na bila haraka, ni yapi kati ya anayoyataka ambayo angeyatetea, na ni yapi yanayomchukua tu. Maswali yanayonisaidia mimi ni machache. Ningeendelea na jambo hili kama hakuna ambaye angejua kwamba ninalifanya? Je, ninapomwona mtu mwingine akilifanya vizuri kuliko mimi ninafurahi kwamba limefanyika, au ninaumia kwa kuwa si mimi? Na pale nilipoliacha, nilichokipata kilikuwa nafuu au huzuni? Nafuu ya kudumu, inayoendelea hata baada ya uchovu kuisha, mara nyingi ni ishara kwamba nilikuwa nimebeba tunu ya mtu mwingine.

Naongeza tofauti nyingine ambayo Steven Hayes na wenzake wameisisitiza katika tiba ya kisaikolojia waliyoianzisha katika miaka ya 1980, kwamba tunu ni mwelekeo na lengo ni kituo. Kuhitimu masomo kuna siku yake, lakini kupenda kujifunza hakuna siku kunakokwisha. Vijana wengi tunawafundisha malengo na kuyaita tunu, kisha tunashangaa wanapofika kwenye kituo na kukosa pa kuelekea. Watu wazima nao hujiambia kwamba wakimaliza mradi huu watarudi kwa watu wao, halafu mradi mwingine unaanza. Lengo huomba muda wote mpaka liishe. Tunu inaweza kupewa nafasi ndogo leo, na nafasi hiyo ndogo ikawa tayari ni kuiishi.

Mchangiaji wa tatu

Amani iwe kwenu, wanangu. Nimesoma kwa makini, na nimeona mmetaja wataalamu wa karne iliyopita. Jambo hili ni la kale sana, na dini zimeacha njia za kulifanya kwa vitendo. Katika Uislamu tunayo muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifafanua kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake. Asubuhi unaiwekea nafsi sharti, kama unavyomkabidhi mshirika mtaji. Mchana unaichunga, kwa sababu mshirika asiyechungwa hupoteza. Jioni unakaa naye kwenye hesabu, unaangalia mtaji uliobaki, faida na hasara. Mtaji wenyewe ni umri. Kila siku iliyopita haitarudi, na kila siku iliyokuja ni mtaji mpya ambao hukuutafuta kwa jasho lako.

Wakristo nao wanao utaratibu wa kuchunguza dhamiri, na Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake waufanye mchana na jioni. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani, aliandika tunu 13 katika daftari dogo, akaishughulikia moja kila juma, hivyo mzunguko mzima ukamaliza majuma 13 na ukaweza kurudiwa mara 4 kwa mwaka. Kila siku alitia alama nyeusi pale aliposhindwa. Mimi naona kwamba kilicho chema katika njia zote hizi ni kwamba zina saa maalumu. Tafakari inayosubiri mtu apate utulivu haiji, kwa maana utulivu wenyewe ndio unaotakiwa kuletwa na tafakari.

Nina angalizo moja kwa vijana. Hesabu ya jioni isigeuke kuwa hukumu. Anayejiadhibu kila usiku huanza kuikimbia hesabu yenyewe, na baada ya muda mfupi huacha kabisa. Aulize nini kilitokea, ashukuru, atubu penye kutubu, aweke sharti la kesho, alale.

Mchangiaji wa nne

Shikamoo mzee, na salamu kwa wote. Mimi na mwenzangu tumeoana si muda mrefu. Yeye anathamini sana ukarimu, na nyumba yetu iko wazi kwa wageni karibu kila siku. Mimi nathamini utulivu na masomo. Sote wawili tunasoma uzi huu, na kila mmoja amepata hoja za kumuunga mkono! Naomba msaada: tunu zinapotofautiana ndani ya nyumba moja, muda wa pamoja ugawanywe vipi? Na je, watoto wakija, washirikishwe katika mazungumzo kama haya wakiwa na umri gani?

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo na ahsante sana. Neno lako kuhusu hesabu isiyogeuka hukumu nalipokea kwa mikono miwili, na nadhani lina nguvu kuliko mengi niliyoyaandika.

Ndugu uliyeuliza, hongereni kwa ndoa, na kwa kusoma pamoja. Nikirejea kwenye duara la Schwartz, ukarimu na kujisomea havikai mahali pamoja, lakini havina uadui wa asili, na mvutano mnaouona huenda unatokana na saa kuliko tunu zenyewe. Ningewashauri kwanza kila mmoja amweleze mwenzake tunu ya huyo mwenzake, si yake mwenyewe, mpaka aliyeelezewa akubali kwamba ameeleweka. Mwenzako akisema kwa haki kwa nini utulivu ni muhimu kwako, na wewe ukasema kwa haki kwa nini mlango wazi ni muhimu kwake, kila mmoja atakuwa ameshatoa umakini kwa kitu ambacho mwingine anakipenda, na kazi ya kugawana jioni itakuwa nyepesi zaidi.

Kisha mkubaliane kwa maneno mahususi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala ya mwaka 1999, alieleza kwamba nia iliyofungwa kwenye hali maalumu, kwa mfano "ikiwa hali fulani itatokea, nitafanya hivi", hutekelezwa vizuri zaidi kuliko nia ya jumla. Kusema kwamba mtaheshimiana hakutawafikisha mbali. Kusema kwamba ikiwa mgeni atakuja bila taarifa katika jioni mbili mlizozitenga kwa masomo, mwenye mlango atampokea na mwenye kitabu atamsalimu kisha arudi chumbani bila lawama kwa pande zote, hilo linatekelezeka. Na jioni nyingine, uliye na kitabu ukifunge kweli, uketi na wageni kwa moyo wote, kwa sababu kuketi nao huku akili ikiwa chumbani hakutamfurahisha yeyote, na mwenzako ataona kwamba umetoa muda tu.

Kaeni tena baada ya majuma kadhaa mlitazame upya, maana makubaliano ya kwanza huwa hayakai sawa. Tunu nazo husogea. Mwanasaikolojia Laura Carstensen amefanya utafiti wa miaka mingi unaoonyesha kwamba watu wanapouona muda wao kuwa mrefu huelekea kutafuta maarifa na kufahamiana na wapya, na wanapouona umefupika huwageukia wachache walio karibu na mioyo yao. Kwa hiyo huenda baada ya miaka mingi mkajikuta mmebadilishana nafasi.

Kuhusu watoto na umri wa kuwashirikisha, ningependa mwalimu aliyechangia hapo juu aseme kwanza, kwa kuwa yeye huwasikiliza kila siku. Karibu, mwalimu.